Homa ya Wageni

Asubuhi ile Mpimaji aliniomba ruhusa ya kumpasua wifi yangu shingo. Aliomba kwa adabu, ndivyo alivyo. Kioo cha ofisini kiliwaka, sauti ikasema, "Tabibu Ledegunda, umeamkaje?" nami nikajibu "salama" huku mdomo umejaa kiazi, maana nilikuwa katikati ya chai. Kisha akaniletea jina: Pelajia, mke wa Fulgensi, mimba ya miezi mitano. Mapigo ya moyo karibu mara mbili ya yanayotakiwa. Joto limezidi. Viganja vina jasho, usingizi mchache, hasira za karibu. Tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, itolewe kabla ya Jumapili, la sivyo moyo utashindwa na tutawapoteza mama na mtoto. Mikono ya chuma ya chumba cha upasuaji iko tayari. Weka kidole hapa.

Kile kiazi nilikimeza vibaya.

Fulgensi ni mdogo wangu, kitinda mimba, mgongo uliombeba ni huu wangu. Alikaa bila mke mpaka tukakata tamaa, ndipo kampuni ya mabwawa ya chumvi ikampeleka Sumbawanga kusoma, akarudi na huyu Pelajia, mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye mdomo wake. Nilimpenda siku ile ile. Hasira za karibu anazo, sikatai, lakini hizo kazaliwa nazo, mama yake mwenyewe kaniambia.

Kidole changu kilikuwa kimeshanyooka kuelekea kwenye kioo. Msinishangae. Kazi ya tabibu wa Nantumbi ni hiyo: Mpimaji anaona, Mpimaji anaamua, tabibu anaweka kidole ili mambo yakiharibika awepo binadamu wa kulaumiwa. Na hajawahi kunitia aibu. Ndiye aliyeona kiharusi cha mama yetu kikija, mama mwenyewe yuko uani anatwanga na kuimba. Mama yuko hai kwa sababu yake. Kwa hiyo kidole niliweka kila siku kwa moyo mweupe. Ila safari hii nilitaka kwanza nimwone mgonjwa.

Alikuwa kwenye benchi la nje, anatafuna karanga.

"Wifi, unaumwa?"

"Naumwa na maswali. Tangu nimefika mji huu ni bangili hii ya Mpimaji tu mkononi. Umeamkaje, umeamkaje. Si unaniona nimeamka."

Nikamweleza. Sikumzungusha, maana naye hapendi kuzungushwa. Akasikiliza mpaka mwisho, karanga zimebaki kiganjani.

"Nani kakuambia tezi yangu mbovu?"

"Mpimaji."

"Naye kaambiwa na nani?"

Nikamwambia hilo ni swali la mtoto wa chekechea. Akasema vizuri, basi halitakushinda.

Hapa lazima niwaeleze homa ya wageni, maana bila hiyo mtaniona mzembe. Kila anayehamia Nantumbi anaipata. Walimu, mapadri, maharusi, wote hufika na moyo unaokwenda mbio na maneno mengi mdomoni. Mpimaji huwapa kidonge cheupe, na baada ya miezi kadhaa moyo unatulia, ulimi unapunguza mwendo, mtu anakuwa mwenzetu. Tulikuwa tukiwatania: huyu bado ana homa, mwacheni, maji ya hapa yatamtuliza. Tulisema hivyo kwa vinywa vyetu, jamani, na hakuna aliyejisikia akisema. Sisi tulikuwa watu watulivu na tulijivunia. Tunatembea taratibu, kila mmoja na chupa yake ya maji kwapani, kwa sababu bonde ni la joto na kiu haikatiki. Mikono ikitetemeka kidogo tunasema ni baridi ya asubuhi. Pelajia naye tulijua ana homa hiyo hiyo. Yake ilikuwa tu imepanda kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuja.

*

Nilimpigia Mhandisi Deusdedit Nkoma, msimamizi wa Wapimaji wa mkoa mzima. Ni mtu mstaarabu, hana majivuno ya wenye vyeo. Nikamuuliza lile swali la chekechea: Mpimaji wetu kaambiwa na nani mtu mzima ni yupi na mgonjwa ni yupi?

"Na ninyi wenyewe," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Hilo ndilo tunalojivunia, tabibu. Zamani vipimo vilitoka ng'ambo. Mtu wa milimani damu yake ni nzito kwa sababu ya mwinuko, kipimo cha pwani kinamwita mgonjwa, anameza dawa za bure. Tukasema basi. Kila mji na Mpimaji wake. Anawauliza watu wa mji ule kila asubuhi wameamkaje. Mtu akisema mzima, mwili wake unaandikwa kwenye kundi la wazima. Akisema mgonjwa, kundi la wagonjwa. Baada ya asubuhi nyingi, Mpimaji anajua uzima wa Nantumbi ukoje. Hakuna profesa aliyemfundisha."

"Anauliza mara moja?"

"Mara moja tu. Anachukua jibu la kwanza, halafu anafunga sikio. Watu wakianza kujieleza hawamalizi."

Nikamshukuru. Maelezo yalikuwa mazuri kabisa na nilikata simu nimeridhika. Nikasema moyoni, jioni nitaweka kidole, wifi atanuna, atapona, yataisha.

Nikaenda sokoni kununua dagaa. Pale kwenye meza za nyanya nikakutana na Mzee Pontiani, jirani yetu wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo mzee. Habari za nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri tu," akasema. "Nzuri kabisa. Ila ndiyo hivyo, mke wangu tumemzika juzi, na huu mguu nao umevimba, viatu haviingii."

Nikampa pole, naye akapokea, tukaongea habari za msiba kama watu wanavyoongea. Nilikuwa nimeshampa mgongo niliposimama ghafla katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele. Mke kaburini, mguu kama gogo, na nyumbani ni kuzuri tu. Hakudanganya. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu akikuamkia huwezi kummwagia maradhi yako usoni kama maji machafu. Kwanza unasema nzuri, ukishaiweka salamu mahali pake ndipo unaleta ila. Na Mpimaji miaka yote hii alikuwa akichukua ile nzuri na kufunga sikio kabla ya ila.

Dagaa sikununua.

*

Sasa mtu ufanye nini, ukishagundua kwamba kipimo chenyewe kilipimwa vibaya? Sikuweza kumuuliza Mpimaji kama Mpimaji yuko sawa. Vitabu vya chuo nilivyosoma hapa hapa Nantumbi navyo vilitungwa kutokana na yeye. Nilikaa ofisini nikajiuliza, Ledegunda, wewe unajua nini ambacho hukuambiwa naye? Nikaona ni vitu vichache mno, hata aibu ikanishika. Najua saa ya ukutani inatembea. Najua vidole vyangu vinaweza kushika mkono wa mtu na kuhesabu. Ile saa ningeweza kuitilia shaka nayo, lakini mahali fulani lazima mtu asimame, vinginevyo atashinda kitandani.

Nikahitaji watu ambao hawakuandikwa kwenye lile kundi la wazima wa Nantumbi. Nikaenda stendi ya malori.

Bado tunawaita madereva, ingawa malori yanajiendesha na usukani uling'olewa zamani. Kazi yao ni kulinda mzigo na kubishana na watu wa mizani. Huja kuchukua chumvi ya kutengenezea betri kwenye mabwawa yetu, wanalala usiku mmoja, wanaondoka. Nilikaa kwenye kibanda cha Mama Zitta, pale wanapokula, nikaomba kila anayemaliza ugali anipe mkono wake.

"Tabibu, mke wangu yuko Kyela," akasema mmoja anaitwa Chongwe, jitu la miraba minne. "Usinishike hivyo, watu watapeleka maneno."

"Mke wako akija nitamshika na yeye. Nyamaza, naongea na moyo wako."

"Basi uambie moyo unidai taratibu."

Wakacheka wote, mimi nikahesabu. Moyo wa Chongwe ulikwenda haraka kama wa Pelajia, pungufu kidogo tu. Nikadhani ni kwa sababu ya kucheka. Nikashika wa pili, wa Mpanda. Wa tatu, wa Tunduma. Mwingine wa Kigoma. Wote hivyo hivyo. Watu wa milimani, watu wa ziwani, watu wa baridi na watu wa joto. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwamba moyo wetu unakwenda pole kwa ajili ya joto la bonde, lakini huyu Chongwe katoka Kyela, na Kyela kuna joto mtu ajifute jasho akiwa anaoga. Nikamshika Mama Zitta, mwenzetu. Moyo wake ulijikokota. Nikajishika mwenyewe, nao vile vile, unapiga, unafikiria, unapiga.

Ama madereva wa nchi nzima ni wagonjwa, ama wagonjwa ni sisi.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, nikichambua mambo moja moja. Chakula, wanakula hiki hiki cha Mama Zitta. Vumbi, wanavuta hili hili. Kisha Chongwe akainuka, akaenda kwenye lori, akanywa maji kutoka kwenye dumu lake.

"Mbona hunywi ya hapa?"

"Ya hapa yana ladha ya sarafu, tabibu. Hatuyawezi. Ninyi mmeyazoea."

Visima vyetu viko hatua chache kutoka kwenye mabwawa ambako ile chumvi inakaushwa. Nilikuwa nikivipita kila siku.

*

Jioni nilienda kwa Fulgensi. Pelajia alikuwa anapika, Fulgensi amekaa kizingitini na chupa yake ya maji. Nikasema yote niliyoyaona, toka Mzee Pontiani mpaka dumu la Chongwe. Fulgensi alinisikiliza kwa ule utulivu wake ambao siku zote niliuona ni busara. Jioni ile ulinitia uchungu.

"Dada," akasema, "mama angekuwa kaburini."

"Najua."

"Mpimaji alimwona. Wewe ulikuwa pale pale ukinywa togwa, hukuona."

"Najua, Fulgensi. Kiharusi alikijua vizuri. Hili halijui, kwa sababu sote tunalo."

"Basi mrudishe Pelajia kwao wakamwangalie."

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Mgonjwa mwenye agizo jekundu la upasuaji hapandi gari. Bangili inalizima gari kabla halijatoka stendi, na bangili yenye agizo haivuliki mkononi mpaka agizo liishe. Nikamwambia.

"Ulipokuwa Sumbawanga," nikamuuliza, "hukupata shida ya moyo?"

Akafikiri. "Mwezi wa pili nilikuwa sipati usingizi vizuri. Nikawa nasema hovyo. Ndipo nikamfuata huyu nikamwambia nataka kumwoa." Akamtazama mke wake, akanitazama mimi. "Unataka kusema nilioa kwa kuwa sikunywa maji?"

Pelajia alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Fulgensi hakucheka. Macho yalimjaa machozi, na machozi yenyewe yalitoka polepole.

"Usimfanyie mke wangu majaribio, dada. Nakuomba. Nimemsubiri sana."

Sijui kama kuna neno limewahi kunichoma vile. Nilitaka kumwambia sawa, mdogo wangu, nitaweka kidole. Pelajia ndiye aliyeingilia.

"Shingo ni yangu," akasema. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu kama ananisahihishia daftari. "Wifi, hesabu yako ina tundu. Hao madereva hawana mimba. Na umesema moyo wangu umezidi hata wa kwao. Inawezekana mji wote unaumwa, na mimi naumwa vile vile, kivyangu."

Hilo tundu nilikuwa nimeliona, nikaliruka. Nikasema mwenye mimba anasukuma damu ya watu wawili, lazima moyo ufanye kazi zaidi, hata punda akiongezewa mzigo anahema.

"Umelipima, au unaliona tu lina akili?"

"Naliona lina akili. Nitalipima kwa nani? Wajawazito wote wa hapa wanakunywa maji haya."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Sina."

"Na ukikosea?"

"Nitawazika wawili, halafu nitafungwa. Na huyu hatanisemesha tena."

Alikaa akifikiri, mkono juu ya tumbo. Mimi nilikuwa natetemeka, na safari hii hayakuwa maji. Ni rahisi kusema mtu afikiri kwa akili yake. Hawakwambii kwamba ukishafikiri huna pa kujificha. Mpimaji akikosea kosa ni la Mpimaji, nikikosea mimi ni shingo ya wifi yangu.

"Usiweke kidole," Pelajia akasema mwishowe. "Kwanza ziba tundu."

*

Nilipoacha kuweka kidole mara ya pili, Mhandisi Nkoma akateremka bondeni mwenyewe. Alifika saa nne asubuhi, suruali ina vumbi, akanisalimia vizuri, akakataa chai. Alikuwa na hasira, ila za kistaarabu.

"Tabibu, unajua zaidi ya mji mzima?"

"Mji haukuulizwa, mhandisi. Uliamkiwa."

Nikamsimulia habari ya Mzee Pontiani. Alianza kunikatiza, kisha akaacha. Yeye ni Mfipa kama mimi. Nyumbani kwao nako mtu hufiwa na kuwa mzima kwanza. Lakini hakukubali upesi, na sikumlaumu.

"Tufanye hivyo," akasema. "Tufanye wengine wanasema nzuri huku wanaumwa. Wanaumwa vitu mbalimbali, huyu mguu, yule jino. Ukiwachanganya maelfu, makosa yanafutana."

"Yanafutana kama kila mtu anaumwa lake. Kama wote wanaumwa jambo moja?"

Nikamwambia nipe mkono. Nikahesabu mbele yake, kisha nikamvika bangili ya kituo. Mpimaji akamwamkia, naye mdomo ukamtoka "salama" kabla hajajua. Kioo kikawaka manjano: homa ya wageni, kidonge cheupe, apumzike.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Lakini kwa kipimo cha hapa..."

"Umetoka kwako mzima asubuhi hii. Ugonjwa umeupandia wapi, kwenye kona ya barabara? Mwili wako haujui kama umevuka mpaka wa mji."

Alivua bangili akaizungusha mikononi. Nikamwambia kwamba mimi nami nina tundu, nikamweleza la Pelajia. Nilitegemea ataliingilia hapo hapo anishinde. Badala yake akatoa kioo chake cha mfukoni akaanza kutafuta, na nikagundua kwamba naye alikuwa anataka kujua.

"Wajawazito wa Sumbawanga," akasema polepole. "Moyo unapanda. Karibu wote. Miezi ya katikati unapanda kama huo wa wifi yako, wengine zaidi." Akaendelea kutafuta, akakunja uso. "Wa Mpanda wanapanda. Wa hapa kwenu hawapandi."

"Hawapandi kabisa?"

"Unabaki pale pale."

Tukatazamana. Kile nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, na sikukifurahia hata kidogo. Moyo ambao hauongezi mwendo hata ukiwa na mtoto wa kumlisha, mtoto yule anakula nini?

Mhandisi hakumzima Mpimaji. Nilimwomba, akakataa, na mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Alisema Mpimaji bado anaona viharusi, bado anaona kipindupindu siku mbili kabla, na kama akimzima leo, wiki ijayo kuna mama wa mtu atadondoka uani bila mtu kujua. Nilimfikiria mama yangu, nikaacha kumwomba. Alichukua maji ya visima kwenye chupa akapeleka yapimwe huko mbali. Na agizo la Pelajia aliniachia mimi: akanionyesha mahali pa kukataa moja kwa moja, mahali ambapo nilikuwa sijawahi hata kupaona, na maandishi yake kwamba lolote litakalotokea tabibu ndiye atakayejibu. Nikaweka kidole hapo.

*

Miezi iliyofuata nilichekwa. Majibu ya maji yalikwama kwenye maofisi, na mimi na Pelajia tukawa tunakunywa maji ya madumu ya Chongwe, wanawake kisimani wakinong'ona kwamba wawili hawa wamelishana kitu. Fulgensi alinisalimia kwa heshima na kuishia hapo. Mimi mwenyewe nikashikwa na homa ya wageni katika mji niliozaliwa: moyo ukaamka, usingizi ukapungua, na hii hasira mnayoisikia ndipo ilipotoka. Bangili yangu ikawa manjano kila siku. Kila asubuhi nilipomshika Pelajia mkono niliogopa upya, kwa sababu moyo wake uliendelea kupanda, na kulala nikijiambia ndivyo inavyotakiwa hakukunipa usingizi.

Uchungu ulimshika siku ya soko, adhuhuri. Mama Skolastika, mkunga wetu, ndiye aliyempokea, mimi nikiwa pembeni yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila baya. Niliandaa hata maneno ya kumwambia mdogo wangu.

Mtoto alitoka, wa kike, mwekundu kama nyanya. Akafungua mdomo akalia.

Mama Skolastika nusura amwangushe. Na huyo ameshazalisha nusu ya mji. "Ana nini huyu?" akaniuliza. "Tabibu, ana nini? Anaumia wapi?" Kioo kikawaka chekundu, Mpimaji akatangaza maumivu makali, hali ya hatari. Mlango ukafunguka, Fulgensi akaingia akikimbia, na sikuwa nimewahi kumwona akikimbia tangu utotoni.

"Anaumwa? Dada, mtoto anaumwa?"

"Analia," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kazaliwa, Fulgensi. Ana baridi, ana njaa, taa inamchoma macho. Angefanyaje?"

Akasimama katikati ya chumba mikono imening'inia. Pelajia, jasho linamtiririka, akasema wampe mtoto wake waache ujinga. Akamweka kifuani, yule mtoto akaendelea kulia mpaka dirisha likatikisika, halafu akapata titi, akalikamata kwa nguvu hata mama yake akauma meno. Fulgensi alipiga magoti pembeni ya kitanda. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na alinishika mkono bila kunitazama, akaubana sana.

Ndipo nikasikia jinsi wodi ilivyokuwa kimya. Upande wa pili wa pazia walikuwemo wanawake waliojifungua wiki ile, kila mmoja na mtoto wake. Watoto wetu wa Nantumbi ni wapole. Wanazaliwa na kilio kidogo kama kikohozi, wanalala, unawaamsha ili wanyonye, na sisi huwasifia kwa mama zao kwamba hawasumbui.

Pazia likavutwa. Alikuwa binti mmoja anaitwa Redempta, mtoto wake wa kwanza, wa siku chache. Alimtazama wa Pelajia anavyonyonya kwa hasira, kisha akamtazama wake aliyelala mkononi, mdomo nusu wazi. Akamgusa shavu. Akamtikisa kidogo, taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana.

"Tabibu," akasema, "wangu mbona halii?"

Mdomoni mwangu lilikuwepo lile jibu la kwanza, tayari, limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikaenda nikakaa kitandani kwake, nikauchukua mkono wa mtoto, mdogo na wa baridi, nikaweka kidole kwenye mshipa, nikaanza kuhesabu.